Jicho la Kulia

Natamani ningelikataa kurudi nyumbani siku ile. Leo harufu ya spiriti katika kliniki ya macho imenirudisha kwenye kitanda cha hospitali kuu, utotoni. Nilizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Muuguzi alifungua bendeji taratibu. Nikaona mwanga, kisha leso nyekundu, kisha uso uliokuwa ukitetemeka.

“Nani huyu?” daktari aliniuliza.

Nilimjua kwa harufu ya mafuta ya nazi. “Nyanya! Kumbe u mfupi hivi?”

“Ala! Macho yamekuja, adabu imekwenda!” alisema nyanya, akicheka huku analia, na wodi nzima ikapiga vigelegele.

Daktari alitusihi tungoje, apasue na jicho la kushoto. Nyanya akanigeukia. “Wasemaje, mume wangu?”

Nilikuwa na haraka ya kuwaona mbuzi wetu kule Jilore na kuwaringia wenzangu. “Twende,” nikasema. “Hili moja latosha.”

Hatukurudi tena. Jicho la kushoto lilikufa hivyo, na daktari wa leo ameniambia halitaona kamwe.