Ndege Saba Hewani, Maharage Uani

Niliangusha ndege mbili kwa salamu. Sisemi hivi kwa kujivuna. Nasema kwa sababu wenzangu wa kikundi wataisema tu hata nikinyamaza, na afadhali itoke mdomoni mwangu kwanza.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kuruka na watu wengine kwenye mtandao. Kabla ya hapo nilikuwa narusha ndege peke yangu, sebuleni kwangu hapa Mabawe, wilayani Ngara, kwa kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa na feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Programu inachora dunia nzima, milima, mito na viwanja, na wewe unapewa ndege na usukani. Nilikuwa nimeshazunguka Afrika yote bila kuvaa viatu. Ndege ya kweli sijawahi kupanda. Basi lenyewe linanitapisha. Nikienda Ngara mjini nakaa dirishani na limao mkononi, na abiria wa siti ya mbele yangu huwa ananiangalia kwa wasiwasi tangu tunaondoka. Mtu wa namna hii hawezi kupata usafiri bora kuliko ule ambao ukichoka unainuka na kwenda jikoni kuangalia kama viazi vimeiva.

Ila kuruka peke yako kunachosha. Ukitua vizuri hakuna wa kukusifu, ukitua vibaya hakuna wa kukucheka. Kwa hiyo nilipoona kwenye simu tangazo la kikundi cha Waswahili wanaoruka pamoja kila Jumamosi alasiri, niliomba kujiunga kabla sijamaliza kulisoma.

Kiongozi wa kikundi ni mwalimu mkuu mstaafu anayeishi Dodoma. Wote tunamwita Mkuu. Alinitumia maelekezo marefu kuliko mtihani wa kidato cha nne, ambao mimi niliufanya na tukaachana kwa amani. Wote tutumie programu ya toleo moja. Wote tupande ndege ndogo ya injini moja, isiyo na kifaa cha kujiendesha yenyewe. Tuondoke mmoja mmoja, kila mtu akipishana na mwenzake dakika moja. Asiwepo wa kumpita kiongozi. Na kugongana kumeruhusiwa, yaani ukimgonga mwenzako mnaanguka kweli, kwa sababu Mkuu anaamini watu wasipogongana hawawezi kuwa na adabu.

Kuhusu redio aliandika mstari mmoja tu: bonyeza kitufe ndipo useme, na ukumbuke kwamba ukiwa umebonyeza wewe, hakuna mwingine anayesikika.

Mstari huo niliusoma. Nikauelewa hata. Lakini jamani, mimi nimelelewa Ngara. Huwezi kukuta watu wazima wamekaa mahali ukaingia na kusema, "Naomba njia." Nikabonyeza kitufe.

"Shikamooni wakubwa wote mliopo. Wa rika langu, habari za leo? Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Huku kwetu tumeamka salama, mvua inasuasua lakini maharage yamechanua. Sijui huko kwenu mahindi yakoje, maana nimesikia Dodoma jua ni kali..."

Niliendelea hivyo mpaka pumzi ikaisha. Wakati huo muuguzi mmoja wa Kigoma alikuwa anashuka kutua, na fundi cherehani wa Tanga alikuwa amesimama katikati ya njia ya kurukia akitafuta swichi ya taa. Muuguzi alikuwa akimpigia kelele ampishe. Kelele zake hazikufika kwa mtu, hewa yote ilikuwa imejaa mahindi ya Dodoma. Nilipoachia kitufe ili nipokee marahaba zangu, nilisikia sauti ya kike ya yule muuguzi ikisema taratibu, "Niko juu ya paa la fundi."

"Bwana Ngara," Mkuu akaita.

"Naam, Mkuu. Shikamoo."

"Hewani hakuna shikamoo. Hewani unasema wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Basi."

"Hata marahaba hakuna?"

"Hata marahaba."

Muuguzi alicheka mpaka akasahau kwamba ameshakufa.

Hawakunifukuza. Waliniacha kwenye orodha ya wageni, na kwenye kikundi chetu mgeni hatoki kwenye orodha hiyo mpaka aongoze msafara mmoja, akaondoka na watu na kufika na watu. Wiki nyingi nilikaa mkiani nikijifunza. Nilikuwa nayumba angani kama mtu aliyetoka kunywa rubisi, na fundi wa Tanga hakuacha kuniuliza kama leo nimekuja na salamu au nimeziacha nyumbani. Mwisho Mkuu akasema zamu yangu imefika.

"Chagua njia uijuayo," aliniambia. "Lakini sikiliza. Ukituongoza halafu ukatupotea katikati, basi upotee moja kwa moja. Usirudi."

Nikachagua kuwaleta nyumbani. Tungetoka Mwanza, tuvuke ziwa, tuupite msitu wa Biharamulo na vilima vya Nyamahanga, tuyaone maporomoko ya Rusumo mpakani na Rwanda, kisha tutue kwenye kiwanja kidogo cha udongo cha Ngara. Muuguzi aliandika kwamba Rusumo anaisikia tu kwa madereva wa malori na angependa kuiona. Nikamjibu kwamba ataiona, nami niko hapa. Maneno ya kiume kabisa, kwa mtu anayesafiri na limao.

Jumamosi ile mke wangu alikuwa anakwenda sokoni. Maharage yetu, mavuno ya msimu mzima, yalikuwa yameanikwa uani kwenye turubai.

"Kazi yako leo ni moja," aliniambia. "Maharage. Wingu likija, ingiza."

"Nimekusoma," nikasema, kama tunavyosema hewani.

"Usinisome. Yaingize."

Jua lilikuwa linawaka. Hata jirani yetu alikuwa ameanika ya kwake upande wa pili wa ua wa minyaa. Jirani huyu ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Nyamahanga, aliyeolewa huku kabla mimi sijazaliwa. Ananiita mtoto, ingawa nina mvi, na tangu nianze mambo ya ndege huwa ananiuliza mishahara ya marubani inalipwa tarehe ngapi. Nikajiambia, mama huyu akiwa ametulia, mvua haipo. Nikawasha kompyuta.

Tuliondoka Mwanza vizuri kuliko nilivyoota. Nikawahesabu nyuma yangu juu ya ziwa, ndege sita na yangu ya saba, Mkuu akiwa wa mwisho kama kawaida yake, anapenda kukaa mahali ambapo anaona makosa ya kila mtu. Fundi alianza kukengeuka kuelekea Uganda nikamrudisha. Msitu wa Biharamulo ukaja, ukaanza kuisha, vilima vikainuka. Nikabonyeza kitufe.

"Wote, Nyamahanga iko chini yetu. Pindeni kulia kidogo, tunaelekea mto Kagera na..."

"Hodi!"

Ni jirani, amesimama dirishani, nyuma ya bega langu. Sasa mtu afanyeje? Kidole kiko kwenye kitufe, mama mzima yuko dirishani.

"Shikamoo mama," nikasema, na kikundi kizima kikasikia.

"Marahaba. Kuna wingu limesimama upande wa Burundi. Umeliona?"

Niliachia kitufe kama kimeniunguza. Nikajua Mkuu anatafuta maneno. Lakini aliyetangulia alikuwa muuguzi, na sauti ikatokea kwenye spika, maana visikilizio vyangu vya masikioni viliharibika zamani.

"Kiongozi, huyo mama ni nani?"

"Jirani yangu."

"Msogezee redio. Shikamoo mama!"

Jirani akazunguka mlangoni, akaingia, akaiangalia kompyuta kwa mashaka, halafu adabu ikashinda. Nikabonyeza kitufe asikike. "Marahaba, mwanangu. Uko wapi wewe?"

"Niko nyuma ya huyo wako, kulia."

"Shikamoo mama," akasema fundi. "Mimi niko nyuma ya huyo aliyeko kulia."

"Marahaba. Mshikane mikono msipotee."

Walipita wote, mmoja mmoja, na mama akawaitikia wote. Akabaki Mkuu. Injini saba zikanguruma.

"Shikamoo mama," akasema Mkuu hatimaye.

Mama akainama karibu na spika. "Hii sauti ni ya mtu mzima. Una miaka mingapi?"

"Sabini na moja."

"Basi tusalimiane tu, mwenzangu. Hujambo?"

"Sijambo," akasema Mkuu. Nawaambieni, sijawahi kusikia mtu akisema sijambo kwa unyonge namna ile.

Mama alikuwa sasa anatazama kioo cha kompyuta. "Na hapa ni wapi?"

"Nyamahanga, mama. Kwenu."

"Migomba iko wapi?"

"Programu haiijui migomba. Inachora miti ya aina moja tu."

"Basi si kwetu." Lakini hakuondoka. Akaweka kidole juu ya kioo, mpaka leo alama ipo. "Kilima hiki nakijua. Tulikuwa tunakata nyasi hapa za kuezekea." Akakifuata kwa kidole mpaka kikatoka pembeni mwa picha. Kisha akajikumbusha alichokuja kusema. "Maharage, mtoto wewe."

"Dakika ishirini tu, mama."

"Hiyo mvua umeiambia dakika ishirini?"

Akaenda zake. Nikageuka kutazama nje, na wingu lilikuwa kweli, limekaa juu ya vilima vya Burundi, jeusi kama sufuria ya kuni. Huku kwetu mvua ikinyesha umeme unakatika. Haubishi wala hauchelewi. Na umeme ukikatika, kompyuta isiyo na betri inazima, kiongozi anatoweka angani, na watu sita wanabaki wanazunguka juu ya nchi wasiyoijua. Basi upotee moja kwa moja.

Ningeweza kuiruka Rusumo na kwenda Ngara moja kwa moja. Niliwaza hivyo kwa muda wa kutosha mpaka nikaona aibu. Ningeweza pia kukimbia nje, nikunje turubai, nirudi. Ila ndege zetu, nimeshasema, hazijiendeshi, na mtu wa kwanza kufika Ngara angekuwa mimi, kwa kichwa.

Nikaisukuma injini mpaka mwisho.

"Kasi juu, wote. Nifuateni."

"Sawa," wakaitika.

Mto ukaonekana. "Kagera mbele. Shukeni taratibu." Kilima kikapita. "Rusumo chini, kushoto. Tazameni."

Kwenye programu maporomoko ni mchirizi mweupe tu, na mpakani hapakuwa na lori hata moja, jambo ambalo madereva wangelipa kuliona. Lakini nilimsikia muuguzi akivuta pumzi. "Kumbe ndiyo haya," akasema.

"Ndiyo haya. Mto Ruvubu unaingia hapo. Nageuka kushoto. Nifuateni."

Tone la kwanza likagonga bati. Baadaye fundi aliniambia kwamba hajawahi kusikia mtu anaongea kwa kifupi vile, akadhani nimekasirika. Mimi, mwenye mahindi ya Dodoma! Nilikuwa nahesabu matone.

Kiwanja cha Ngara kikajitokeza juu ya mgongo wa kilima, mstari wa udongo mwekundu. Nikatua mimi kwanza, kwa mdundo mmoja, nikajivuta pembeni kwenye nyasi. Bati sasa linapigwa kama ngoma na taa ya sebuleni imeanza kupepesa.

"Wa pili, shuka. Wa tatu, jiandae."

Muuguzi akatua, akaondoka njiani haraka, amejifunza. Fundi akatua akiwa upande, lakini akatua. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Mkuu alikuwa bado yuko juu, anakuja polepole kama mtu anayekagua madarasa. Taa ikapepesa tena. Nikaishika meza kwa mikono miwili, utadhani umeme unapita mezani. Magurudumu yake yakagusa udongo, yakaruka, yakagusa tena, yakakaa.

"Saba chini," nikasema.

Umeme ukakatika.

Nilikaa mbele ya kioo cheusi, mvua inanguruma, sijui kama walinisikia. Ndipo simu ikalia mezani. Jina langu lilikuwa limeondolewa kwenye orodha ya wageni na kuwekwa kwenye orodha ya marubani, chini ya la muuguzi. Mkuu alikuwa ameongeza maneno yake: "Umetutoa wote na umetufikisha wote. Karibu. Msalimie mama."

Niliruka. Kiti kikaanguka. Nilizunguka meza mikono juu, mtu mzima mwenye mvi, nikapiga vigelegele ambavyo nilijua kabisa si vya wanaume. Kisha nikafungua mlango nikimbilie kwa jirani nimpe salamu zake, na nikasimama hapo hapo kizingitini.

Turubai limekuwa bwawa. Mavuno ya msimu mzima yalikuwa yanaelea, mengine yameshaanza safari kuelekea barabarani. Ng'ambo ya ua, uani kwa jirani palikuwa peupe, pamefagiliwa, hapana hata punje. Mwenyewe alikuwa amesimama chini ya upenu wake, mikono kiunoni, ananisubiri.

"Mama, nimewafikisha wote!" nikapaza sauti juu ya mvua. "Mkuu anakusalimu!"

Akaniangalia, akaliangalia turubai, akaniangalia tena.

"Ya kwangu nimeyaingiza," akasema. "Ya kwako nimeyaacha yalowe, maana mtu anayeiona Nyamahanga kutoka angani hawezi kushindwa kuyaona maharage yaliyoko mlangoni kwake."