Mke Mwenza wa Shaba

Ukifika Mlola ukauliza nyumba ya Mzee Zuberi wa injini ndogo, hata muuza karoti atakuelekeza. Miaka thelathini alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai, na kila mhandisi wa kigeni aliyefunga virago aliwagawia mafundi vitu vyake. Wenzake waligombea mabuti na redio. Zuberi, msicheke jamani, aliomba injini za mfano, zile za kuwekwa mezani, za zamani, zinazokula spiriti na kutoa mvuke sawasawa na zile kubwa.

Zilikuwa sita. Tano zilikufa moja moja, hii valvu, ile springi, na vijana walipomtafutia vipuri mtandaoni hawakuona hata picha ya kufanana nazo. Ikabaki moja ya shaba, ndogo kuliko birika. Kila Ijumaa baada ya swala aliiwasha barazani na kuisikiliza peke yake. Ikizunguka, alikuwa bado fundi. Ikizimika, alikuwa mzee wa mikono ya kutetemeka, asiyeweza kufungua hata skrubu moja ya injini yake mwenyewe. Furaha nyingine hakuwa nayo.

Mkewe Salama aliiita mke mwenza. "Haya, nenda, mdogo wangu anakusubiri!" humtania, kisha huyo jikoni. Miaka arobaini hakukaa hata mara moja kuitazama ikizunguka. Lilimuuma Zuberi jambo hilo, lakini angemwambia nani?

Mwaka huu, siku moja kabla ya Idi, Zuberi alishuka Lushoto mjini kuchukua kanzu yake kwa fundi cherehani. Aliporudi, alikuta injini inang'aa hadi akaziona ndevu zake ndani yake.

"Baba Rehema, njoo uone!" Salama alimwita, mikono bado ina majivu. "Nimemsugua mwenzangu kwa majivu na mchanga wa mtoni, kama masufuria yangu. Hata tumboni nimemmwagia maji ya majivu. Uchafu mweusi umetoka wote!"

Lahaula! Uchafu mweusi ndio mafuta yenyewe. Zuberi alipitisha kidole kwenye mkono wa pistoni, akazigusa chembe za mchanga. Kuutoa mchanga huo ndani kulitaka kufungua skrubu kumi na mbili, na mikono ndiyo ile. Hasira zikampanda. Alipogeuka afoke, Salama alikuwa keshavuta kigoda.

"Washa basi. Leo nataka kuiona."

Angekataaje? Akatia maji, akawasha spiriti. Wakakaa bega kwa bega. Mvuke ukapanda, gurudumu likaanza kuzunguka, Salama akapiga kigelegele utadhani yuko harusini. Zuberi alikuwa anasikia mkwaruzo, silinda inaliwa. Mizunguko ishirini hivi, ikalia kwa ukali, ikakwama. Akalisukuma gurudumu kwa kidole. Halikwenda.

"Imechoka?" Salama aliuliza.

"Imezeeka tu, Mama Rehema. Kama sisi."

"Masikini. Kumbe ilikosa matunzo siku zote! Usijali, sasa kila Ijumaa nitaisugua mwenyewe."

Zuberi akamshukuru. Na kweli anaisugua. Kila Ijumaa anachota majivu jikoni, anasugua huku akiimba, na mumewe anakaa kando yake akitazama, hana tena cha kuharibikiwa.