Picha za Bangwe Zisizo na Watu

Asubuhi vita ilipofika kwetu, ng'ambo ya ziwa, nilikuwa napiga picha za pasipoti za wanafunzi sita. Nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Kila mtoto nilimpiga picha mara tatu, nikihofia amefumba macho.

Milio ya risasi ilianzia upande wa barabara.

Nilisimama nikijiuliza kama nifunge kamera kwanza. Jirani akanivuta shati, tukakimbilia majini.

Kwenye boti niliwaona wanafunzi wawili tu.

Bangwe, upande huu wa ziwa, tulikaa ufukweni wiki kadhaa, chini ya maturubai, magunia na vitenge, tukisubiri mabasi ya kwenda kambini. Shirika moja likaniomba picha za makazi yale. Niliwaza mpaka kichwa kikauma. Je, ni haki kuonyesha nyuso za watu wenye njaa, ambao juzi tu walikuwa na nyumba zao? Nikaamua kupiga vibanda pekee.

"Sogeeni pembeni kidogo," niliwaambia wote niliowakuta.

Mwanamume mmoja aliyekalia dumu, waliyemwita Baba Neema, alicheka. "Eti tusogee! Turubai tumepewa jana, leo limeshatuzidi cheo?"

Wenzake wakaangua kicheko. Akasogea. Baada ya siku mbili alipanda boti, akarudi ng'ambo kumtafuta mkewe.

Kesho yake mwanamke akanijia, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Wanasema wewe ndiye wa picha. Nionyeshe bwana wangu, Baba Neema."

Njiani alikuwa ameambiwa mumewe ameuawa. Hapa aliambiwa alifika, kisha akarudi. Basi lilikuwa linaondoka mchana ule. Kama mumewe alikufa, angepanda basi na mtoto. Kama yu hai, angemfuata.

Nikampitishia picha zote kwenye kioo cha kamera. Maturubai. Masufuria. Nguo kwenye kamba.

"Watu wako wapi?"

"Niliwaomba wasogee."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha yangu. Kisha akagusa nyusi yake. "Alikuwa na kovu hapa?"

Nilijaribu kukumbuka. Siku ile nilikuwa nimeangalia mwanga, si uso wake. Na akina Baba Neema wako wengi upande wetu. Ningeweza kusema sijui. Ni neno ninalolisema kila siku, hata nikiulizwa kama nataka chai au uji. Lakini niliona aibu.

"Ndiyo," nilisema. "Lilikuwepo."

Akakaza kitenge mgongoni, akateremka majini, akapanda boti.

Miaka imepita, sasa naishi Kasingirima, upande huu huu wa ziwa. Nimewauliza waendesha boti. Mmoja alisema aliwashusha salama mama na mtoto. Mwingine akasema boti ile haikufika. Sijui nimwamini yupi, na nimechoka kupanga maneno yao kila usiku kana kwamba yatakubaliana.

Nikimfikiria yule mwanamume juu ya dumu, naliona kovu lake wazi kabisa, limekata nyusi ya kushoto. Siwezi tena kujua kama nililiona, au nililiweka mimi.