Fundi Aliyefika Suji na Viatu Vikavu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Suji. Sikuota, na pombe siijui ladha yake.

Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Siku hizi lango lake la chuma linaendeshwa kwa umeme: unabofya FUNGUA kwenye dirisha la programu, maji yanashuka mferejini. Shida ilikuwa moja. Dirisha hilo likiwa nyuma ya jingine, mbofyo wa kulileta mbele ulibonyeza pia chochote ulichokiangukia. Mara ngapi nilitaka kutazama kina cha maji tu, nikafurikisha maharage ya watu! Walinisema mpaka nikaomba fundi kutoka Same mjini.

Siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, kijiji kizima kikiwa mferejini kuzoa mchanga, akaingia ofisini kwangu dada mmoja na begi dogo.

"Shikamoo kaka. Nimekuja kuangalia lango."

"Marahaba, karibu."

Njia ilikuwa tope tupu kwa mvua ya usiku, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu mpaka kwenye soli. Niliona, nikamsogezea kiti. Wewe ungesema nini?

Akaketi kwenye kompyuta. Niamini, sijawahi kuona mikono mitulivu namna ile.

"Kaka, hapa mnafungua maji kabla baragumu halijalia?"

"Hata. Linalia kwanza, watu watoke mferejini, ndipo tunafungua."

"Basi na dirisha lifuate utaratibu wenu. Likiwa nyuma, mbofyo wa kwanza uliamshe tu. Wa pili ndio uagize."

Akalipanga hivyo. Ila orodha ya vipimo vya maji aliiacha isogezwe juu na chini hata dirisha likiwa nyuma, kwa sababu, alisema, kutazama hakumdhuru mtu. Nilimpenda fundi yule, sifichi. Nikaenda kumchemshia chai. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu, na kwenye tope la mlangoni hapakuwa na alama ya mguu.

Kabla sijapata la kufikiri, ujumbe wa mwenyekiti wa kijiji ukatokea kwenye kompyuta: mama yangu ameingia kwenye mdomo wa lango kuzibua majani. Kwa kiherehere cha kuhakikisha lango limefungwa, nikabofya dirisha la nyuma. Mshale ulikuwa juu ya FUNGUA.

Dirisha likaja mbele, likatulia. Lango halikusogea. Nilikaa pale, mkono mbali na kipanya, mpaka nikasikia mama akicheka na wenzake huko chini.

Jioni akaja kijana mwenye tope mpaka magotini, akiomba radhi kwamba pikipiki ilikwama njiani.

"Mwenzako ameshamaliza," nikamwambia.

"Mwenzangu yupi? Fundi wa lango ni mimi peke yangu."

Aliichunguza programu mwanzo hadi mwisho. "Aliyefanya hivi ananizidi," akasema, na hakugusa kitu.

Tangu hapo, kila msaragambo mama huweka kikombe cha chai kando ya kiti kile. Jioni tunakikuta kikavu. Kama ni jini, basi ni jini mwenye adabu kuliko wengi wetu.

Nawe unayebofya huku na huku: ukiona dirisha limeamka lakini halijatii, usilitukane, wala usilibofye tena kwa hasira. Kwanza uliza nani yuko mferejini.