Chai Niliyoshindwa Kuombea

Siku hiyo akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwangu kwa maombi, na ndoo ya kwanza ya asubuhi ilipanda kutoka kisimani na kaa aliyekufa. Alikuwa amelala chali, miguu imekunjwa.

Huyo kaa tulikuwa tunamjua. Wakati mzee wangu, baba watoto, alichimba hicho kisima, mama yake alishuka mpaka mtoni, akarudi na kaa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akamtia kwa maji. Alisema mama yake pia alikuwa anafanya hivyo hapa Kibirichia: mahali kaa anaishi, mtu anaweza kunywa. Sisi ni watu wa kanisa, hatukumfanya mungu. Lakini akipanda na ndoo tulikuwa tunacheka, tunasema mwenye kisima amekuja kusalimia, halafu tunamrudisha.

Mvua ilikuwa imenyesha sana mwezi huo. Waru, hivi viazi vyetu, zikinyeshewa hivyo majani yanaungua, kwa hivyo tulikuwa tunapiga dawa kila mara. Ile drum ya kuchanganyia dawa ilikaa kando ya kisima, ili mtu asibebe maji mbali. Pampu ya dawa tuliiosha hapo hapo. Maji yaliyobaki tulimwaga hapo hapo.

Nilimtupa kaa kwa nyasi ya nepia, nikabandika chai na maji hayo. Nilijiambia hata kaa anazeeka. Nilijiambia moto unaua kila kitu. Na mimi ndiye yule ambaye, kwa masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima ya jioni, mwalimu alipouliza maji ya kisima yanatoka wapi, niliinua mkono: mvua inaingia kwa udongo, inashuka polepole, inabeba chochote inachopata njiani. Nilipigiwa makofi.

Wakaja, tukaimba, tukasoma neno. Mama mkwe, yule aliyemleta kaa, alikuwa ameketi karibu na mlango.

"Mwenye kisima amesalimia leo?" akaniuliza.

"Bado, mama."

Kwetu mwenye nyumba ndiye anaombea chai. Kila mtu akashika kikombe, wakafunga macho. Nikasema, Baba tunakushukuru. Neno la kufuata ni bariki. Nimelisema tangu nikiwa mtoto, lakini halikutoka.

"Dada, malizia," mmoja akasema, macho bado yamefungwa. "Mungu ameshasikia, ni chai inapoa."

Wakacheka. Nikawaambia wasinywe. Nikawaambia kaa amekufa, na drum inakaa wapi, na kwamba nilijua nikiweka sufuria kwa moto.

Vikombe viliwekwa chini kimoja kimoja. Yule aliyenitania akasema yeye alikuwa ameonja kabla ya maombi, na hiyo ndiyo dawa ya kukosa subira. Hakuna aliyecheka.

Halafu jirani yangu wa pale chini, ambaye binti yake alikuwa amejifungua juzi, akauliza polepole, "Na ile chemchemi yetu? Si maji yake yanapita chini ya shamba lako?"

"Yanapita," nikasema.

"Asubuhi nimemchotea mtoto maji ya kuoga. Mama yake pia amepikiwa uji nayo."

Nilikuwa nimewaza kisima changu na aibu yangu mbele ya wageni. Huyo mtoto sikuwa nimemfikiria kabisa.

Mama mkwe akasimama na fimbo yake. "Umemtupa wapi?"

Nikamwonyesha. Akamwokota na jani la nepia, akaenda akamweka juu ya kifuniko cha drum, mzee akirudi amwone mwenyewe. Mzee alimwona. Jioni hiyo alibingirisha drum mpaka kule juu karibu na barabara, na mimi nikabeba pampu nyuma yake. Lakini drum inabingirika. Udongo uko pale pale, na kile umekunywa bado kinashuka.

Siku hizi sisi wote wa upande huu tunachota maji juu zaidi, kupita mashamba, karibu na msitu. Mtoto yuko salama, namshukuru Mungu, na sithubutu kusema ni kwa sababu yangu. Nyanya yake, yule jirani, tunakutana naye njiani. Pale njia inapokata mtaro ananingoja, anashika ndoo yangu mpaka nivuke, ananiuliza watu wa nyumbani wameamkaje. Namjibu nikiangalia maji.