Mstari wa Mwandishi

Meneja wetu alipenda kutuambia kwamba kompyuta haina ubaguzi. Ni kweli haina. Ubaguzi alikuwa nao yeye.

Kilikuwa kiwanda cha nguo hapa Eldoret, miaka ya chama kimoja, picha ya rais ukutani na beji yake kifuani. Waandishi wa programu walikuwa wanaume watatu waliokaa karibu na dirisha. Waliandika kwa penseli kwenye karatasi zenye viboksi, herufi moja kila kiboksi, nasi wanawake wanne wa chumba cha ndani tukayaingiza maandishi yao kwenye mashine. Miaka minane nilipiga kazi yao. Lugha yenyewe ya programu, Kobol, niliijua kuliko wawili kati yao, maana makosa yao yalipita vidoleni mwangu na nikayarekebisha kimya kimya.

Ndipo ikaletwa programu ya kuandika programu. Ilikuja kwenye diski, na mtaalamu wake kutoka Nairobi. Ukiieleza kwenye skrini unataka ripoti gani, inakuandikia Kobol yenyewe. Kilichobaki ni mashine yetu kuisoma hiyo Kobol na kuifanyia kazi. Ikakataa. Kila jaribio lilitoa kurasa nzima za makosa, na baada ya wiki mbili mtaalamu aliandika kwamba kompyuta yetu imezeeka.

Saa ya chakula nilizichukua zile kurasa nikazisoma. Kwenye karatasi zetu, baada ya kiboksi cha sabini na mbili kuna mstari mnene, na ukiandika kupita hapo mashine haisomi. Hilo tulifundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi. Lile dude la Nairobi lilikuwa likiandika mistari mirefu inayopita pale, na mashine ikiikata mikia. Nilipomwambia mtaalamu, alimtazama meneja, wakacheka wote wawili. Kicheko kile kinaniudhi mpaka leo.

Mtaalamu aliporudi kwao, meneja aliniita. Mmoja wa wale waandishi watatu alikuwa ameacha kazi, na meza yake ilikuwa wazi.

"Wewe fanya hii kitu ikubali," akaniambia, "na hiyo desk ya dirishani ni yako."

Niliitaka meza ile kuliko kitu chochote. Nilitaka kuitwa mwandishi wa programu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa. Nilimpelekea mama barua nyumbani, kule Magharibi, nikamwambia mambo yameiva. Hapo nilikosea.

Kwa wiki tatu, wenzangu wakila githeri, mimi nilikuwa na penseli. Niliandika programu yangu ya kukaa katikati: inapokea mistari ya lile dude, inaikata mirefu mahali pasipoharibu maana, kisha inaipitisha kwa mashine. Juu kabisa ya kila programu ya Kobol kuna mstari wa jina la mwandishi. Miaka minane nilikuwa nimepiga pale majina ya watu wengine. Safari hii niliandika langu, nikalitazama kwa muda.

Wageni wa makao makuu walikuja kuonyeshwa, na mambo yakaenda sawa. Meneja aliwaeleza habari ya mistari na mikia kwa maneno yangu niliyomfundisha mwenyewe, wakampigia makofi. Wiki iliyofuata nilichapisha programu yangu nipate kuiweka kwenye faili. Kwenye mstari wa mwandishi palikuwa na jina lake.

Siku zile hata kiwandani tulikuwa na mdomo mmoja, nao ulikuwa wa meneja, lakini nilikwenda ofisini kwake na karatasi mkononi nikamuuliza habari ya jina na habari ya meza.

"Madam, siku hizi machine inaandika yenyewe," akasema. "Sasa tukuandike wewe kama nani?"

"Kama aliyeandika," nikamjibu.

Akanikumbusha kwamba sina diploma, kwamba mimi ni wa kupiga chapa, na kwamba nishukuru Mungu bado nina kazi. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuahidi mtu meza.

Ile meza ya dirishani iliwekwa boksi la diski. Nilipita hapo miaka minne, na kila asubuhi programu iliyotangulia kufanya kazi ilikuwa yangu. Mama aliendelea kuuliza kwenye barua zake, nami nikaendelea kumjibu kuhusu mvua.

Binti yangu, aliyesoma kurasa hizi kabla yenu, anataka nimtaje meneja yule kwa jina, watu wamjue. Silitaji. Kama meneja anataka jina lake liwe humu, aje aliandike mwenyewe. Amezoea.