Chai ya Tangawizi ya Awuor

Awuor alikuwa mtu wa kusema kweli hata pale asipoulizwa. Kwao Nyalenda, wanawake wa bombani walimwogopa kwa hilo. Ukiruka foleni atakwambia, na ukinuka samaki atakwambia vilevile. Miaka na miaka alikuwa mpishi nyumbani kwa Mzee Rasik kule Milimani, na Nalini, mke wa Mzee, alimpenda kwa ulimi huohuo.

Kisha Mzee akapatwa na homa iliyompanda kichwani. Mwili ulipona, lakini mambo mapya yakakataa kumkaa akilini. Ya zamani aliyajua yote: duka lake la vitambaa, harusi yake, jina la Awuor. Ya leo yalimponyoka kabla chai haijapoa. Haukupita muda Nalini naye akaugua, akafa. Neno lake la mwisho kwa Awuor lilikuwa, "Usiache Mzee peke yake." Awuor akaapa.

Mwili wa Nalini ulichomwa kama ilivyo desturi ya Wahindi. Kesho yake Awuor alipeleka chai ya tangawizi barazani, akamkuta Mzee anasukuma bembea ya mbao, upande aliozoea kukaa mkewe, akiichekea.

"Awuor, Nalini iko wapi?"

Mama yake Awuor alimfundisha kwamba marehemu hatulii ikiwa wa nyumbani mwake hawajaambiwa. Atazunguka boma akitafuta kuliliwa. Mficha maradhi kilio humfichua, sembuse anayeficha kifo? Akamwambia. Mzee alilia mpaka akashika nguzo asianguke. Halafu machozi yakakauka, akaigeukia bembea tena.

"Nalini iko wapi?"

Basi kila asubuhi Awuor alimpelekea chai, na pamoja na chai, msiba. Msimwone katili. Aliamini ipo siku habari itashika, na Nalini apumzike.

Sonal, binti wa Mzee, alipoyajua hayo alimwita Daktari Shitanda. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba seli za neva kichwani hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna ufa mdogo mno, na seli ikitaka kusema humwaga kemikali kidogo ng'ambo ya pili. Zikisemezana mara nyingi, njia yao huwa nyepesi, kama kijia cha kwenda bombani kinavyopauka kwa kukanyagwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu. Kwa Mzee, sehemu ya kuhifadhi matukio mapya iliharibiwa na homa.

"Lakini hofu iko na mahali pake pengine," alimwambia Awuor, "na hapo pako sawa. Maneno yako hatakumbuka, mama. Uchungu utabaki."

"Utabaki aje, na hajui ni wa nini?"

"Utabaki tu."

Awuor hakulala vizuri. Asubuhi, kwa mara ya kwanza maishani, alijizoeza njiani uongo wa kumjibu Mzee: Mama ameenda hekaluni, Mama ameenda hekaluni. Alipotokea barazani, hajafungua hata mdomo, Mzee alirudi nyuma mpaka ukutani. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Awuor, wewe mtu mzuri. Mbona mimi naogopa wewe?"

Awuor aliirudisha chai jikoni pamoja na uongo wake, na aliona aibu kuliko siku zote alizosema kweli.

Sonal alimleta Dolphine, msichana mcheshi kutoka Manyatta, awe anamhudumia Mzee. Awuor hakuondoka, maana ahadi ni deni. Alijificha jikoni, Mzee asimwone uso. Asubuhi ya kwanza alimsikia anacheka na Dolphine, bembea ikilia taratibu, na roho yake ikatulia kidogo. Akapika chai kama kawaida. Dolphine akaipeleka.

Bembea ikanyamaza.

"Nani amekufa?" Mzee aliuliza.

"Hakuna mtu, Mzee. Kunywa chai."

"Iko mtu." Alikinusa kikombe, akakisukuma mbali. "Ambia huyo amepika asikuje. Tafadhali. Asikuje kuniambia."

Nyuma ya mlango wa jikoni Awuor alijiziba mdomo asisikike analia, na kiganja chake kilinuka tangawizi.